Mbege yangu mbona haina povu?

Swali: Nimepika mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga, kwa mara ya kwanza. Nilichemsha ndizi mbivu, nikachuja na kuchanganya na uji wa ulezi siku ileile. Mpaka leo ni tamu tu, haitoi povu. Nimekosea wapi?

Jibu: Hapo kwenye "siku ileile", ndugu msomaji. Moto uliochemsha ndizi uliua hamira yake yote ya asili. Wachaga huziacha ndizi zilizochemshwa kwenye chombo siku kadhaa zipate hamira nyingine na kuchachuka, ndipo wachuje. Na uji je, ulikuwa wa moto? Hamira hufa joto likikaribia nyuzi 60, kwa hiyo uji upoe kwanza. Ulezi nao uwe kimea: uloweke, uchipue, uanike, ndipo usage. Unga wa kawaida hautafaa.

Magome ya mti wa msesewa, yanayoleta ule uchungu, weka kidogo sana; wanaoanza huzidisha, na hakuna dawa ya mbege chungu.

Hiyo uliyonayo usiimwage. Omba kikombe cha mbege iliyochachuka kwa jirani, umimine humo, ufunike kwa kitambaa hadi kesho. Usiifunge kwenye chupa, gesi itaipasua.