Krimu ya kufuta tatuu

SWALI: Nina tatuu ya jina mkononi na leza ni ghali. Je, krimu za mtandaoni zinaifuta?

JIBU: Hapana. Sindano ya mchoraji hupeleka wino kwenye tabaka la pili la ngozi, ilhali krimu nyingi huishia juu. Huko ndani wino humezwa na seli za kinga. Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba seli hizo zikifa, nyingine huudaka wino ule ule. Ndiyo maana tatuu hudumu.

Krimu zenye asidi kali, kama TCA, huunguza ngozi yenyewe. Jina linaweza kufifia kweli, lakini ngozi nyeusi ni nyepesi kuota kovu lililovimba, au kubaki na baka jeupe lenye umbo la herufi zile zile. Bei kubwa hiyo kwa jina la mpenzi wa zamani! Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha hata krimu moja ya kujipaka nyumbani.

Tatuu ikiwa ndogo, daktari wa ngozi anaweza kuikata kwa ganzi na kushona. Kovu litabaki, ila mara nyingi huwa jembamba.