Eliya Alilala, Akala, Akatembea

Somo la vikundi vya nyumbani
Fungu la kusoma: 1 Wafalme 19:1–21



Wengi wenu mnaikumbuka Jumapili ile baba mmoja kati yetu alipoanguka ibadani. Mkono wa kushoto ulikuwa umelegea na maneno yalimtoka kwa shida. Leo yuko nyumbani, anatembea kwa fimbo, na yeye mwenyewe ametuomba tuieleze habari yake bila kumtaja jina, ili wengine wapone.

Alikuwa anajua tangu miaka miwili nyuma kwamba ana presha. Alipewa dawa, akazinywa miezi mitatu, akajisikia vizuri, akaziacha. Alifanya kazi zamu ya usiku kiwandani, mchana analala masaa manne, kisha anaamka kuwafuata watoto shuleni. Daktari alipomuuliza kwa nini hakurudi kliniki, alijibu kwamba hakutaka watu wa kanisani waseme imani yake ni ndogo.

Neno hilo limetuuma. Na kuna jambo jingine ni lazima tulikiri. Siku ile tulimzunguka tukaomba karibu robo saa kabla ya dada mmoja kupiga 911. Ilikuwa kiharusi, na katika kiharusi kila dakika inayopita inaharibu ubongo. Tungeweza kuomba huku simu ikipigwa. Ndiyo maana tumeona juma hili tujifunze pamoja: je, kuutunza mwili ni upungufu wa imani? Habari ya Eliya inatujibu.

Nabii aliyechoka

Eliya alikuwa ametoka mlima Karmeli, mahali Mungu alipojibu kwa moto. Tungetegemea awe na furaha. Badala yake, Yezebeli alipotishia kumwua, alikimbia hadi Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Akaketi chini ya mti wa mretemu, akamwomba Mungu amwondolee uhai.

Ndugu, huyu ni mkimbizi. Ameacha kwao, ametishiwa kuuawa, amechoka, yuko peke yake. Wengi wetu hatuhitaji kuelezwa hali hiyo.

Tuangalie Mungu alivyomtendea. Hakumkemea wala hakumhubiria. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Baada ya hapo ndipo alipotembea siku 40 mpaka Horebu, na huko Mungu akasema naye. Mazungumzo yalikuja baada ya usingizi, chakula, maji na mwendo. Basi tuyafuate mambo hayo moja moja.

1. Usingizi

Mtu mzima anahitaji masaa 7 au zaidi katika kila masaa 24. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji masaa 8 hadi 10, na watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji 9 hadi 12. Asiyelala vya kutosha kwa muda mrefu hupanda presha, huongezeka uzito, hukasirika upesi, na huzuni humshika kirahisi.

Tunajua mnavyosema: zamu ya usiku ndiyo inayolipa. Ni kweli. Basi tulindeni usingizi wa mchana kama tunavyolinda wa usiku. Weka pazia zito linalozuia mwanga. Acha kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu katika nusu ya pili ya zamu. Familia ikubaliane kwamba baba au mama akilala baada ya kazi, ni usiku wake; watoto wasipige kelele, wageni wasigonge.

Halafu kuna simu. Saa mbili asubuhi Bukavu au Bujumbura ni saa saba usiku hapa kwetu Iowa wakati wa joto, na saa sita usiku wakati wa baridi. Ndugu zetu wanaamka na shida zao, wanatuma ujumbe: mtoto amefukuzwa shule kwa ajili ya ada, mama yuko hospitali, wavamizi wameingia kijijini. Tukishasoma ujumbe huo saa saba usiku, usingizi umekwisha, na fedha hatuwezi kutuma mpaka asubuhi. Tunashauri hivi: waambie wa nyumbani saa zako za kupatikana, zima sauti ya simu, na mchague ndugu mmoja tu ambaye simu yake italia usiku kwa jambo la kufa na kupona. Huko si kuwasahau wa kwetu. Ukianguka wewe, na hao unaowalisha wameanguka.

2. Chakula na maji

Malaika alimletea Eliya mkate na maji. Sisi, tukifika Marekani, kitu cha kwanza kilichoingia kwenye friji kilikuwa soda. Kule soda ilikuwa ya sikukuu na ya wageni. Hapa ni ya kila siku, kwa sababu ni rahisi. Kopo moja la kola la mililita 355 lina sukari karibu gramu 39, yaani karibu vijiko 10 vya chai. Hakuna mama kati yetu anayeweza kumtilia mtoto vijiko 10 katika kikombe kimoja, lakini tunamfungulia kopo. Juisi za boksi nazo nyingi hazina tofauti kubwa. Tuanze hapo: mezani kuwe na maji, soda irudi kwenye sikukuu yake.

Jambo la pili ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Vile vidonge vya kukoleza mchuzi vimejaa chumvi, na wengi wetu tunaweka vidonge viwili kisha tunaongeza chumvi juu yake. Tumia kitunguu, kitunguu saumu, nyanya, tangawizi, ndimu na pilipili. Mchuzi utakuwa na ladha bila kupandisha presha.

La tatu, hatusemi acheni ugali. Tunasema upungueni sahani. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ugali, wali au ndizi, na robo iwe maharage, samaki, dagaa, kuku au nyama. Mboga zetu zipo: sombe na lengalenga katika maduka ya Kiafrika, na majani yanayofanana sana na sukuma wiki katika karibu kila duka la hapa, kwa bei ndogo. Mboga zilizogandishwa nazo ni nzuri, na hazioozi kabla ya siku ya mshahara.

3. Kutembea

Eliya alitembea. Na sisi huko tulikotoka tulitembea: shambani, sokoni, kisimani, na kambini Nyarugusu kwenda kutafuta kuni. Hakuna aliyeita hilo mazoezi. Hapa tunatoka mlangoni tunaingia garini, kazini tunasimama mahali pamoja masaa manane, tunarudi garini, tunaketi. Mwili ulizoea mwendo, nao unalalamika.

Mtu mzima anatakiwa kujitikisa walau dakika 150 kwa juma. Gawa mara tano, ni nusu saa kwa siku, mwendo wa haraka kiasi kwamba unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Unaweza kukata vipande vya dakika 10. Wakati wa theluji usihatarishe miguu kwenye barafu: tembea ndani ya maduka makubwa, panda ngazi, au washa nyimbo za kwaya sebuleni ucheze na watoto. Akina mama wa kikundi cha Alhamisi wameanza kutembea pamoja kabla ya maombi, na wanasema siku hizo hata maombi hayasinzii.

4. Kusema yaliyo moyoni

Kule pangoni Mungu alimuuliza Eliya anafanya nini pale. Mungu alijua. Lakini alimpa nafasi aseme, naye akasema yote: amebaki peke yake, na wanatafuta roho yake. Mungu hakumwita mnyonge. Alimjulisha kwamba wako watu 7,000 ambao hawakumsujudia Baali, tena akampa Elisha awe pamoja naye.

Kwetu, mtu akisema ana mawazo mengi, kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio, hana hamu ya kula, mara nyingi tunamwambia ajikaze. Kuna waliopita vitani, waliozika watoto njiani, waliobakwa, na wengine waliowaacha wazazi kambini. Mambo hayo hayaishi kwa kupata makaratasi. Pia nchi yenyewe ina uzito wake. Tulizaliwa karibu na ikweta, mahali mchana una masaa 12 mwaka mzima. Hapa mwezi wa Desemba mchana una masaa tisa tu, na aliye zamu ya usiku anaweza kukaa siku nyingi bila kuliona jua. Upungufu huo wa mwanga unaweza kuleta huzuni ya msimu kwa baadhi ya watu. Toka nje mchana hata dakika 20, fungua mapazia, na usikubali kukaa peke yako.

Huzuni ikikaa majuma mawili au zaidi, mtu asifurahie chochote, asilale au alale mno, ajione hana maana, huo ni ugonjwa unaoitwa sonona, nao unatibika. Mwambie daktari wako. Na mtu akisema anataka kufa, kama Eliya alivyosema, tusimwache peke yake hata dakika moja. Hapa Marekani piga 988 usiku au mchana, uombe mkalimani wa Kiswahili. Kama hatari iko mlangoni, piga 911.

5. Kupima na kunywa dawa

Presha haina kelele. Unaweza kuwa nayo miaka mingi bila kuumwa popote, na ndivyo ilivyokuwa kwa baba yetu. Kwa kipimo cha hapa, namba zikifika 130 juu au 80 chini, mara kwa mara, hiyo ni presha ya juu. Maduka mengi ya dawa yana mashine ya kupima bure. Dawa ya presha humezwa kila siku, hata siku unayojisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu dawa inafanya kazi. Kama inakusumbua, mwambie daktari akubadilishie, usiiache kimya kimya.

Jifunzeni pia dalili za kiharusi: uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, maneno kukoroga. Ukiona hata moja, piga 911 papo hapo na uangalie saa ilianza saa ngapi, kwa maana madaktari watauliza.

Jambo la lugha. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali ya Marekani zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo. Mwombe mapema unapopanga miadi. Tusiwatumie watoto wetu. Mtoto wa miaka 11 hapaswi kuwa ndiye wa kumwambia mama yake kwamba ana uvimbe, na mama hawezi kueleza mambo ya mwili wake mbele ya mwanawe.

Tunachoacha na tunachoshika

Wapendwa, tuliacha mtu wetu aamini kwamba kumeza kidonge ni kumkosea Mungu. Tunaomba radhi kwake na kwa familia yake. Kuanzia sasa, mtu akituomba maombi kwa ajili ya ugonjwa, tutaomba naye, kisha tutamuuliza: umepima? Dawa unazo? Nani atakupeleka? Mungu aliyemtuma malaika na mkate ndiye anayetutumia muuguzi na mkalimani.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kwa nini Mungu alimlisha Eliya mara mbili kabla ya kusema naye?
2. Nani nyumbani kwetu analala chini ya masaa 7, na tunaweza kumpunguzia kazi gani?
3. Ni ujumbe gani wa usiku unaoweza kusubiri asubuhi?
4. Watoto waulizwe: mnaona baba na mama wamechoka wakati gani?

Kazi ya juma hili

Chagueni jambo moja tu kama familia: maji badala ya soda, nusu saa ya kutembea, au simu kuzimwa sauti usiku. Moja linaloshikwa ni bora kuliko matano yanayoachwa Jumanne. Jumapili ijayo baada ya ibada, wauguzi wa kanisa letu watapima presha ukumbini. Wazee wa kanisa watakuwa wa kwanza kwenye mstari, na baba yetu mwenye fimbo ameomba akae mlangoni awakaribishe.

Tuombe

Ee Bwana, uliyemwacha mtumishi wako alale na ukamwamsha kwa chakula, utufundishe kuutunza mwili uliotupa. Uwaponye walio kimya kwa aibu. Utupe macho ya kumwona aliyekaa peke yake chini ya mti, na miguu ya kumfikia mapema. Amina.