Rangi Inayobanduka na Lipu Mbichi: Maswali Yanayoulizwa na Wananchi

Masika yakipita, nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Unguja huonekana zimevimba rangi, hasa sehemu ya chini ya ukuta. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi huilaumu rangi, na muuzaji naye humrudishia fundi lawama. Mara nyingi chanzo ni maji: ama yalibaki ndani ya lipu, ama yanaendelea kuingia ukutani. Yasiposhughulikiwa, rangi mpya itabanduka kama ile ya kwanza.

Lipu imeshakauka kwa juu. Kwa nini nisipake rangi leo?
Lipu ya saruji huanza kukauka juu, huku ndani bado ikiwa na maji. Iachwe angalau wiki nne, na wakati wa mvua iachwe zaidi. Saruji mbichi pia ina alkali kali, yaani kemikali ileile inayounguza mikono ya fundi asiyevaa glavu. Alkali hiyo huharibu kinachoifanya rangi ishike. Rangi ya mafuta ikipakwa mapema hulainika na kunata kama sabuni.

Basi nisiimwagilie maji, ili ikauke upesi?
Wengi hushauriana hivyo kwa nia njema, lakini imwagilie. Saruji hukomaa kwa kutumia maji, kwa hiyo ipate maji kila siku kwa takribani wiki moja ya mwanzo, kisha iachwe ikauke madirisha yakiwa wazi. Lipu iliyokosa maji hupata nyufa na kutoa vumbi, na rangi iliyoshika vumbi hutoka nalo.

Nitajuaje kwamba imekauka?
Chukua kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache hadi kesho yake saa kama hiyo. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, au ukuta chini yake umekuwa mweusi kuliko pembeni, subiri. Pima chini karibu na sakafu na kwenye kona, maana huko ndiko unyevu hukaa zaidi.

Ukuta unatoa unga mweupe. Ni nini?
Ni chumvi. Maji yakisafiri ndani ya ukuta huiyeyusha, na yakifika juu hukauka na kuiacha hapo. Ikijikusanya nyuma ya rangi huisukuma mpaka ipasuke. Ifagie kwa brashi kavu, kwa sababu ukiiosha kwa maji nyingi itarudi ndani. Endelea kufagia kila inapojitokeza, na usipake rangi mpaka ikome.

Hapa Pwani kuna jambo la kusisitiza. Mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani hata pasipo mvua, ndiyo maana kuta nyingine hutoa jasho usiku. Hakuna rangi inayotibu hilo. Muulize muuzaji mchanga umechimbwa wapi kabla haujashushwa uwanjani kwako, kwa sababu baada ya hapo dawa iliyobaki ni kubomoa lipu yote na kupiga upya.

Rangi imekwisha kubanduka. Nianzie wapi?
Anza kwa kutafuta maji yanakotoka. Madhara yakiwa chini ya ukuta, angalia kama udongo wa nje umerundikwa juu ya usawa wa msingi, au kama nyumba ilijengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Yakiwa juu, kagua bati, mfereji wa paa na nyufa. Yakiwa katikati, upande wa pili huenda kuna bafu au bomba linalovuja.

Chanzo kikishazibwa, kwangua kwa skrepa mpaka ufikie rangi iliyoshika kweli. Gonga lipu kwa vidole: panapolia kama debe tupu pameachana na tofali, patolewe na pajazwe upya, kisha pasubiri muda uleule wa lipu mpya. Piga msasa kingo, futa vumbi, paka rangi ya msingi inayostahimili alkali, ndipo zifuate koti mbili za rangi. Penye ukungu paoshwe kwanza kwa dawa ya klorini, mlango ukiwa wazi. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi ya sumu.

Fundi anataka kupiga jipsamu ukuta wote, hata nje. Ni sawa?
Kwa vyumba vikavu vya ndani, ndiyo. Jipsamu hulainika ikilowa, kwa hiyo nje na bafuni tumia puti ya saruji, yaani ile ya kulainisha ukuta iliyotengenezwa kwa simenti nyeupe.

Je, rangi kuukuu inaweza kudhuru watoto?
Inaweza, iwapo ina risasi, madini yenye sumu ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kama hujui rangi ya zamani ilikuwa na nini, lowesha ukuta kabla ya kupiga msasa, vaa barakoa inayozuia vumbi, usiichome kwa moto, na uwaondoe watoto na mama wajawazito mpaka sakafu ipigwe deki. Magamba ya rangi yafungwe kwenye mfuko. Yasifagiliwe uani wanakocheza watoto na kudonoa kuku.

Nikiongeza petroli, rangi itakauka haraka?
Itakauka haraka, lakini itashika vibaya, na mvuke wa petroli ndani ya chumba unaweza kulipuka kwa cheche ya swichi. Fuata kiyeyushi na kipimo kilichoandikwa kwenye kopo.

Nina haki gani rangi ikiharibika?
Nunua kopo lenye alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) au, kwa Zanzibar, ya Taasisi ya Viwango (ZBS). Kagua tarehe, dai risiti ya EFD, na utunze kopo moja lenye namba ya toleo mpaka mvua za kwanza zipite. Ukiuziwa rangi bandia, rudi kwa muuzaji na risiti. Asipokusikiliza, kwa upande wa Bara peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC).

Kwa fundi, makubaliano ya mdomo nayo yanatambulika kisheria, ila kuyathibitisha ni kazi ngumu. Andikeni karatasi moja: idadi ya koti, aina ya rangi ya msingi, tarehe lipu ilipopigwa na tarehe ya kuanza kupaka, kisha nyote mtie saini. Sehemu ya malipo ibaki mpaka kazi ikaguliwe. Na fundi akisema ukuta bado mbichi, usimlazimishe kupaka kwa sababu ya sherehe au mpangaji anayesubiri. Akilazimika, maonyo yake yaandikwe kwenye karatasi hiyohiyo.