Je, Nyumba Kumi Inatulinda? Kijitabu cha Kupima Ushirikiano wa Polisi na Wananchi Mtaani

Kijitabu hiki ni cha wapangaji na wenye ploti, mama mboga, vijana wa stejini, wazee wa mtaa na wajumbe wa kamati za usalama nchini Kenya. Hakikuandikiwa wataalamu wa takwimu. Kinahitaji daftari, kalamu, watu wachache wenye subira, na ujasiri kidogo pia, kwa maana baadhi ya majibu hayatampendeza chifu, mengine hayatampendeza OCS (mkuu wa kituo cha polisi), na machache yatatuuma sisi wakazi wenyewe.

Rais Mwai Kibaki alizindua mpango wa polisi jamii mwaka 2005. Nyumba Kumi, mpango wa majirani wa nyumba kumi kumi kulinda mtaa wao, ikaja mwishoni mwa 2013, baada ya shambulio la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi la tarehe 21 Septemba mwaka huo. Tangu hapo tunaambiwa barazani kwamba mpango umefaulu, na kwenye vibanda vya chai tunaambiwa ulishakufa. Kila upande husema kwa uhakika mkubwa, na ni nadra kumkuta aliyepima.

Kwanza, jueni mnapima nini

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Kamati za polisi jamii zimo katika Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 96 hadi cha 100, nazo huketi na polisi wa kituo. Nyumba Kumi hupitia kwa chifu na naibu wake, na jina lake lilitoka Tanzania, ambako mabalozi wa nyumba kumi walianza miaka ya 1960 kama viongozi wa chama cha TANU mashinani. Tofauti hii ina maana mkitaka kujua nani awajibike. Lalamiko likikwama kwa chifu, OCS atasema halikumfikia, na huenda akawa anasema kweli. Basi andikeni ukurasa wa kwanza wa daftari: kamati yetu ni ipi, wajumbe ni akina nani, walichaguliwa na nani, lini, na mara ya mwisho walikaa kikao na polisi ilikuwa mwezi gani. Kuna mitaa ambako ukurasa huo peke yake hutosha kuonyesha hali ilivyo.

Kifungu cha 96 kinataja madhumuni ya ushirikiano huu. Miongoni mwake ni kutambua matatizo pamoja na kuyatatua pamoja, na kuongeza uwazi na uwajibikaji wa polisi. Hili la pili husahaulika mno. Kamati nyingi zimejifanya masikio ya polisi mtaani, basi. Pitieni kumbukumbu za vikao vya mwaka mzima mhesabu ni mara ngapi mwenendo wa polisi wenyewe uliwekwa mezani: askari anayedai hongo kwa wana bodaboda, msako ulioishia kwa vijana kupigwa, aliyelala seli bila kuandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo. Mkikuta sufuri ilhali mtaa mzima unayajua mambo hayo, mmeshapata jibu moja kubwa.

Hesabu zinazodanganya

Ripoti za mipango hii hupenda kutaja vikao vilivyofanyika, watu waliohudhuria na fulana zilizogawiwa. Hayo ni matumizi. Yanaonyesha pesa na muda vilikokwenda, hayaonyeshi kama mtu anarudi kwake saa tatu usiku bila moyo kumdunda.

Hesabu ya pili ni ngumu zaidi, na hata maafisa wazoefu huteleza hapo: idadi ya visa vilivyoripotiwa. Ikipungua, tunashangilia. Lakini chukueni mfano wa mama anayepigwa na mumewe. Mwaka wa kwanza haendi kituoni, kwani jirani yake alipokwenda aliambiwa akamalizane na mumewe nyumbani. Kisha kituo kinapata afisa wa dawati la jinsia anayesikiliza, anayemwelekeza mama kuhusu fomu ya P3 na kumpa namba ya OB bila kuzungushwa. Habari zinaenea sokoni. Mwaka wa pili wanakwenda wanawake kumi na wawili. Ukiangalia kitabu cha kituo, ukatili umeongezeka. Ukiangalia mtaa, huenda ni uleule au hata umepungua. Kilichoongezeka ni imani. Mambo huweza kwenda kinyume pia: visa vinapungua kituoni kwa sababu watu wamechoka kuripoti na wameanza kuchoma wezi wao wenyewe.

Kwa hiyo msiishie kwenye kitabu cha kituo. Nendeni nyumba kwa nyumba na muulize maswali mawili yakifuatana. Katika miezi 6 iliyopita, wewe au mtu wa nyumba hii ameibiwa, amepigwa au ametishwa? Kama ndiyo, mliripoti kwa nani? Pengo kati ya waliodhurika na walioripoti ndilo la kutazama kwa makini. Pengo likipungua mwaka hadi mwaka, ushirikiano unajengeka hata kama OB imejaa. Likipanuka, hakuna fulana itakayoliziba.

Ongezeni swali la tatu kwa walioripoti: ulirudishiwa jibu lolote? Kutiwa mtu mbaroni ni jambo jingine, na mara nyingi halipo mikononi mwa askari mmoja. Ulizeni kama alipigiwa simu, kama alielezwa kesi imefika wapi, au kama alikwenda mara nne akaambiwa mpelelezi hayupo. Tukilazimishwa kuchagua kipimo kimoja tu katika kijitabu hiki chote, tungechagua hicho.

Taa ya mulika mwizi

Kikao cha kawaida huwa hivi. Wakazi wanalalamika kwamba njia ya kutoka stejini hadi kwenye ploti ni giza tangu taa ya mulika mwizi izimike, na wanaotoka kazini usiku wanaporwa simu. OCS anaahidi doria. Mzee anaahidi kuizungumzia taa na watu wa kaunti. Wanafunga kwa maombi. Kikao kinachofuata, miezi miwili baadaye, njia haitajwi kabisa. Ajenda sasa ni chang'aa.

Chukueni daftari la kikao mchore safu nne: tatizo, aliyeahidi, tarehe aliyoahidi, kilichofanyika. Kila kikao kianze kwa kusoma safu ya nne kabla ya kufungua jambo jipya. Ni kazi ya dakika kumi. Baada ya mwaka mtakuwa na hesabu ambayo hakuna anayeweza kuibishia: ahadi zilikuwa ngapi, zilizotimizwa ngapi, na nani hukaa nazo.

Angalieni pia kwamba taa si ya polisi. Jiji la Chicago, Marekani, lilipoanzisha mpango wake wa polisi jamii mwaka 1993 katika wilaya tano za majaribio, liliunganisha vikao vya mitaa na idara za jiji, ili taa mbovu, magari yaliyotelekezwa na majumba mahame yashughulikiwe sambamba na doria. Mpango ule ulifuatiliwa kwa miaka mingi na jopo la Wesley Skogan wa Chuo Kikuu cha Northwestern. Kwetu, mlango wa kaunti upo kisheria: Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, chini ya kifungu cha 41 cha sheria ileile, ambayo mwenyekiti wake ni gavana au mtu wa serikali yake aliyemteua, na ndani yake wamo pia wawakilishi wa wanawake, vijana, wafanyabiashara, dini na watu wenye ulemavu. Katika kaunti nyingi mamlaka hizi zilichelewa kuanza. Ulizeni kama yenu ipo na kama imewahi kukutana.

Siri ikivuja

Hakuna kinachoua mpango huu haraka kuliko uvujaji wa siri. Mtu anampigia mzee simu kuhusu nyumba inayouza bangi, na kabla ya jua kuchwa mwenye nyumba ile amekwisha kujua jina la aliyepiga. Hata isemwe nini barazani baada ya hapo, mtaa mzima umeshafunga mdomo. Wakaguzi wengi hawaulizi hili, labda kwa kuwa jibu ni la aibu. Ulizeni hivi: ukijua jambo la hatari leo, utamwambia nani kwanza, na nani hutamwambia kamwe? Jibu la sehemu ya pili ndilo lenye uzito.

Tazameni pia waliokosekana kikaoni. Baraza la saa nne asubuhi siku ya Jumanne halina mfanyakazi wa kibarua, halina mwanafunzi, na vijana wachache waliopo hukaa nyuma wakijua watatajwa kama tatizo. Wapangaji nao huachwa, ati ni wapita njia, ingawa katika mitaa mingi ya mijini ndio wengi.

Na siasa. Huko Uganda, maelfu ya vijana waliandikishwa kuwa wazuia uhalifu enzi za Inspekta Jenerali Kale Kayihura, na kabla ya uchaguzi wa 2016 walilalamikiwa sana kwamba wanatumikia chama tawala. Mjumbe wenu akionekana amevaa kofia ya mwaniaji, liandikeni nalo.

Namna ya kuuliza

Asiulize mzee wa Nyumba Kumi, wala chifu, wala askari. Atajibiwa kwa adabu na hatajibiwa ukweli. Tumieni walimu, wahudumu wa afya ya jamii au vijana waliomaliza sekondari, ikiwezekana wa kijiji cha pili, nao wa kijiji cha pili waje kwenu. Chagueni nyumba kwa mpango, kwa mfano kila nyumba ya kumi kuanzia ile ya pembeni, na si nyumba za mnaowajua. Wanawake waulizwe na wanawake, mbali na waume zao. Vijana waulizwe peke yao.

Msiandike majina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za mtu binafsi, na daftari lenye majina ya waathiriwa likianguka mikononi mwa mtu mbaya litaleta maafa. Namba ya nyumba nayo msiiandike. Yatosha umri kwa makadirio na jinsia.

Rudieni maswali yaleyale, miezi ileile. Desemba haifanani na Mei: watu wamesafiri, nyumba ziko tupu, pesa ziko mfukoni. Na kama kuna mtaa jirani unaofanana na wenu ambao hauna kamati hai, ulizeni huko pia. Wizi ukipungua kote kuwili kwa kiasi kilekile, kamati yenu isijivike taji.

Takwimu za kituo mnaweza kuziomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Mkinyimwa, pelekeni malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman. Mkikuta katika mahojiano kwamba mtu ameuawa au kujeruhiwa vibaya mikononi mwa polisi, hilo si jambo la daftari lenu: lipelekwe mara moja kwa IPOA, mamlaka iliyoundwa kisheria mwaka 2011 kuchunguza visa vya namna hiyo.

Msitegemee muujiza

Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti uliojaribu polisi jamii kwa wakati mmoja katika nchi sita: Brazili, Kolombia, Liberia, Pakistani, Ufilipino na Uganda. Vikao viliongezwa, doria za miguu ziliongezwa, wananchi walipewa njia za kutoa habari. Kwa jumla imani kwa polisi haikupanda, na uhalifu haukupungua. Watafiti walitaja sababu ambazo mkazi yeyote wa Kenya atazitambua: maafisa walihamishwa kila mara, wakubwa hawakuupa mpango kipaumbele, na polisi hawakuwa na uwezo wa kushughulikia waliyoambiwa. Wananchi walizungumza, na wa kufuatilia hakuwapo.

Hatusemi kwa hiyo tuvunje kamati. Tunasema matokeo yenu yaonyeshe kizuizi kiko wapi hasa. Kama gari la kituo halina mafuta, semeni. Kama OCS amebadilishwa mara tatu katika miaka miwili, semeni hilo pia, na mpelekeeni kamanda wa polisi wa kaunti.

Matokeo yasomwe mbele ya waliohojiwa, siku ya Jumapili mchana, wakati wafanyakazi wapo. Nakala moja ibaki kwa OCS, moja kwa chifu, moja kwa kaunti, na moja kwa mtu asiye mjumbe. OCS mpya akiripoti kituoni, mpelekeeni daftari hilo wiki yake ya kwanza, na mwombeni aweke sahihi kwamba amelipokea.