Dondoo muhimu: Kupandisha ng'ombe kwa mrija Kitui na Makueni

Anza hesabu na mvua. Ukambani mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283, hivyo anayepandishwa mapema Februari huzaa katikati ya Novemba, malisho yakiwa yamechipua. Februari yenyewe bado ana mwili. Ng'ombe aliyekonda hashiki mimba kwa urahisi, hata mbegu iwe ghali namna gani.

Joto la zebu ni fupi, na mara nyingi huja usiku. Mchunguze alfajiri na jioni. Anayetulia akipandwa na wenzake ndiye aliye tayari. Ute peke yake hautoshi. Ukimwona asubuhi, apandishwe jioni. Ukimwona jioni, apandishwe asubuhi inayofuata. Walio Mutomo au Kibwezi wampigie mpandishaji simu mara moja, maana njia ni ndefu.

Uliza mbegu imetoka wapi, kisha uandike jina la fahali lililo kwenye mrija. Mbegu huhifadhiwa katika naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri; mtungi ukikauka, umelipia hewa. Kwa nyika kavu, mimi ningechagua Sahiwal kabla ya Friesian.

Sindano ya kuleta joto huharibu mimba iliyopo. Ng'ombe apimwe mimba kwanza.

Mwangalie tena kati ya siku ya 18 na ya 24 baada ya kupandishwa. Akirudi kwenye joto mara ya tatu, usilipie mrija mwingine. Mwite daktari wa mifugo achunguze kizazi.