Dondoo muhimu: Mmumunye, wa mboga na wa kibuyu

Maua meupe ya mmumunye hufunguka jioni, nyuki wengi wakiwa wamesharudi mzingani. Matunda yakipukutika machanga, chuma ua dume jioni hiyo, upake chavua yake kwenye ua jike, lile lenye kitunda chini yake.

Mumunye la mboga lichume ukucha ukizama kwa urahisi. Onja kipande kibichi, uteme. Likiwa chungu, tupa lote: uchungu huo ni sumu, na moto hauuondoi.

La kibuyu liache mpaka kikonyo kikauke na mbegu zicheze ndani. Toboa, jaza maji, nyama ioze, kwangua, ubadilishe maji hadi uchungu uishe. Wakalenjini husugua ndani kwa mkaa kabla ya kugandisha humo maziwa yao ya mursik.