Kwa Nini Mlima Hutulia na Kwa Nini Huporomoka: Somo la Kani, Msuguano na Inesha

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang' na kuingia katika mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Kanuni za mwendo zilizofanya kazi siku ile ni zilezile zinazofanya kazi kila msimu wa mvua. Kuzielewa ni sehemu ya kujikinga.

Kinachoshikilia mteremko

Liweke gunia la mahindi la kilo 100 juu ya ubao ulioinamishwa. Uzito wake hugawanyika katika kani mbili: moja hulikandamiza gunia kwenye ubao, nyingine hulivuta kuelekea chini. Ubao ukiinama nyuzi 30, kani ya kuvuta hulingana na nusu ya uzito wote, yaani kama uzito wa kilo 50. Iwapo gunia halitelezi, ni kwa sababu ya msuguano. Msuguano hutegemea mambo mawili: ukwaru wa nyuso zinazogusana, na nguvu ambayo nyuso hizo zinakandamizwa pamoja. Udongo wa mlimani hushikiliwa hivyohivyo, chembe kwa chembe, ukisaidiwa na mizizi ya miti.

Maji yanavyobadili mambo

Jaribio hili laweza kufanywa nyumbani. Rundika mchanga mkavu katika beseni: utasimama kama kichuguu chenye mteremko wa wastani. Uloweshe kidogo: utasimama wima zaidi, kwa kuwa unyevu kidogo huzishikanisha chembe. Sasa endelea kumimina maji hadi ujae kabisa: rundo lote litabomoka na kutiririka.

Maji yanapojaza nafasi zote kati ya chembe, husukuma pande zote na kubeba sehemu ya uzito uliokuwa ukizikandamiza chembe hizo. Mkandamizo ukipungua, msuguano hupungua. Wakati huohuo udongo umekuwa mzito zaidi kwa maji, hivyo kani ya kuvuta chini imeongezeka. Mvua kubwa ya mfululizo hufanya yote mawili kwa pamoja. Ndiyo sababu mteremko uliotulia miaka mingi waweza kuanguka kwa muda mfupi.

Kwa nini tope halikusimama lilipofika chini

Basi likifunga breki ghafla, abiria hutupwa mbele. Hiyo ni inesha: tabia ya kitu kuendelea na hali yake, kiwe kimetulia au kinakwenda, hadi kani ikibadilishe. Kadiri tungamo lilivyo kubwa, ndivyo inesha ilivyo kubwa. Mita moja ya ujazo ya maji ina tani 1. Ya tope lililochanganyika na mawe huweza kukaribia tani 2. Tena, mwendokasi ukiongezeka mara mbili, nishati ya mwendo huongezeka mara nne. Ukuta wa tofali hauwezi kusimamisha mzigo wa namna hiyo, wala mtu hawezi kushindana nao kwa mbio akielekea bondeni.

Mambo ya kuzingatia

1. Usijenge katika korongo au kando ya mkondo, hata ukiwa mkavu. Njia iliyopitiwa na tope yaweza kupitiwa tena. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.
2. Tunza miti ya mteremkoni. Usikate wala kulima kwa kufuata mteremko.
3. Fuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hasa mvua inaponyesha siku kadhaa mfululizo.
4. Toa taarifa mapema kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kata uonapo nyufa mpya ardhini, miti iliyoinama, au maji ya mkondo yaliyobadilika ghafla kuwa tope au kupungua wakati mvua inaendelea.
5. Usikiapo mngurumo kutoka mlimani, usikimbie kufuata mkondo. Kimbilia pembeni, mahali palipoinuka, na usirudi kuchukua mali.

Mlima utaendelea kuwa jirani yetu, ukitupatia maji na ardhi yenye rutuba. Tuuheshimu kwa kuiacha wazi njia yake.